Udongo Ulionyimwa Mvua

Nyumba ya Makumbusho,
Nachingwea,
Jimbo la Kusini.
Alhamisi, 17 Januari 1957

Ndugu yangu mpendwa, Kaka Mbaruku,

Nakuamkia kwa heshima yote anayostahili mkubwa aliyenilea na kunisomesha tangu marehemu baba alipotutoka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, na kwamba kile kifua kilichokusumbua mwezi uliopita kimekuachia. Sisi huku, kwa rehema za Mola, tu wazima. Mama yuko Nambambo anapalilia mahindi pamoja na dada yetu Mwanamvua. Nami naendelea na kazi, ingawa tangu jana sikai mahali pamoja: kila nikiandika mistari michache nainuka kuchungulia barabarani kama gari la Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, linakuja.

Umeuliza kwa nini harusi ya Mwanamvua imesimama, ukajibiwa kwamba mvua imeharibu njia ya Nandagala. Sivyo, Kaka. Mchumba wake Abdalah na wazee wake walikuwa tayari tangu korosho zilipovunwa. Aliyeisimamisha harusi ni mimi, na kwa kuwa wewe ndiye walii wake, ni haki yako kuelezwa.

Unakumbuka kwamba nilipohitimu chuo nilikabidhiwa ghala lililoachwa na Mpango wa Karanga wa Waingereza ulipovunjika, nilifanye nyumba ya makumbusho ya wilaya. Nilipaka chokaa, nikapigana na mchwa, nikakusanya mitungi, pinde, vinu na nguo za magome ya miti, na kila kitu nikakiwekea kibao cha maelezo kwa mwandiko wangu bora. Shabaha yangu ilikuwa kuelimisha umma. Mtoto wa shule awajue wahenga wake kwa macho yake mwenyewe. Si wote walionielewa. Mzee mmoja wa Mtua aliyenipa ngoma alirudi kuichukua, akisema kuna msiba, na ngoma haiwezi kukaa inatazama ukuta kama mkwe aliyesusa. Nilipomweleza kwamba sasa ni mali ya umma, aliuliza kama huo umma unajua kuipiga. Akaenda nayo, akairudisha baada ya matanga.

Mwezi wa Oktoba, nikiwa natafuta mitungi kwa baiskeli porini kati ya Mtua na Nambambo, nilikuta kibanda kilichoezuliwa paa. Ndani mlikuwa na vinyago vya udongo mbichi usiochomwa: chatu, kobe, mwanamke mjamzito, vyote vimepakwa unga na rangi nyekundu. Hapakuwa na mtu. Nilijua kuwa ni vya unyago, lakini niliamini vimetupwa, na kwamba mvua ya kwanza ingeviyeyusha. Nilivifunga kwa nyasi, nikavileta mjini polepole, nikijiona mwokozi. Nikavipa meza ya katikati.

Bwana Shauri alipoviona alifurahi mno, akavifungia kabatini hadi siku ya ufunguzi, na ufunguo akaniachia mimi. Mkuu wa Jimbo atakuja kufungua nyumba hii Jumamosi, mbele ya shule zote za karibu. Nimeahidiwa kwamba meza ile ikimpendeza, nitapendekezwa kwa nafasi ya msaidizi katika makumbusho makubwa ya Dar es Salaam. Huwezi kujua, Kaka, nimeota nafasi hiyo mara ngapi.

Habari ilifika Nambambo kwa mwanamke mmoja aliyekuja mjini kuuza ndizi. Bi Mwamina, mkuu wa makungwi, akaja na wenzake. Hakuingia. Alisimama mlangoni akiwa ameyapa mgongo makumbusho yangu, akaniambia kwamba vinyago vile havikutupwa, vimeachwa. Paa huezuliwa makusudi, maana mvua ndiyo inayoufunga unyago. Udongo usipoyeyuka, wasichana waliochezwa msimu ule wangali ndani, wala hakuna anayeweza kuolewa. Mwanamvua ni mmoja wao. Nilimjibu kwa urefu juu ya kuhifadhi urithi na faida zake kwa vizazi vijavyo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kumbe kusoma ni jambo jema, mtu anaweza kukosea kwa maneno marefu.

Tangu siku ile sokoni hapapitiki. Wanawake wanaimba kwamba yuko bwana mmoja wa Nachingwea kaoa wake wa udongo, kwa kuwa wa nyama na damu wanamjibu. Dastani, mlinzi wangu, aliposikia alicheka hadi akashika mlango, na sasa ananiita Bwana Harusi. Wazee wa Abdalah hawakucheka. Walituma neno kwamba hawaingizi nyumbani bibi harusi ambaye unyago wake haujafungwa, na kwamba mwezi huu ukiisha watamtafutia kijana wao mwingine. Mwanamvua aliacha kuja mjini. Nilipokwenda nyumbani alinitengea maji ya kunawa, akaondoka bila kunisalimu.

Hata hivyo nilishikilia. Nilimwomba Bi Mwamina angoje hadi Jumamosi ipite. Akajibu kwamba wavulana wa shule nzima wakishaviona, hapatakuwa na kitu cha kufunga tena. Nitakuwa nimewaharibia mabinti wote kwa siku moja. Nilijiambia kwamba hayo ni maneno ya watu wasiotaka maendeleo. Nilijiambia hivyo mara nyingi, nikitembea huku na huku kati ya kabati na dirisha.

Kaka, ninalokuandikia sasa usimsomee mtu. Jumanne nilikuwa nampangusa kobe kwa brashi ili awe nadhifu kwa mgeni, nikamgeuza. Chini ya tumbo palikuwa na alama ya kidole gumba kilichokandamiza udongo, chenye mfereji katikati. Mimi na wewe tunaujua mfereji ule. Uko kwenye kitako cha kila mtungi tulionywea maji, tangu panga lilipomkata mama kidole. Nikamgeuza chatu, nikamgeuza yule mwanamke. Ni mkono uleule.

Kumbe miezi yote hii mama amenipikia, amenisikiliza nikijisifu juu ya meza yangu, amepita sokoni mwanawe akiimbwa, naye kimya. Angefumbua kinywa, angenijulisha jambo ambalo mtoto wa kiume hapaswi kulijua juu ya mama yake.

Jana nilimpa Bi Mwamina ufunguo. Mvua ilikuwa kubwa. Aliniamuru nikae nyuma ya ghala, uso ukutani, nami nikakaa. Nilisikia kabati likifunguliwa, kisha wimbo wa chini chini, kisha miguu mingi matopeni. Mmoja alibaki nyuma yangu. Alisema nikavae nguo kavu nisije nikapata homa, halafu akawafuata wenzake. Sikugeuka.

Asubuhi hii Bi Mwamina ameleta neno kwamba unyago umefungwa. Abdalah anataka ndoa ifungwe Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao. Bwana Shauri bado hajui kwamba meza haina kitu, na sababu siwezi kumwambia, si yeye wala mwingine yeyote. Jumamosi nitasimama mbele ya Mkuu wa Jimbo na vinu vyangu. Sijui nitasema nini. Dar es Salaam nadhani imenipita.

Nakuomba upande meli ya kwanza ya Lindi, umwoze dada yetu. Pokea salamu za Mwanamvua, ambaye leo amenisalimu, na za Dastani, mwenye kukutakia safari njema. Nisalimie shemeji na watoto, mmoja mmoja. Ukifika nyumbani, mwamkie mama kama siku zote, wala usimtazame mikono.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,

Isihaka Swalehe