Oringi ya Bastola ya Babu

Alby, Jumapili, 14 Novemba 2010. Asubuhi mvua iliyochanganyika na theluji.

Mjukuu wangu Rehema, hatujambo. Mama yako Zawadi kifua kimempoa. Umeuliza kwa nini bastola ya gesi ya babu yako ilivuja ulipoijaribu kiangazi, wakati nilikuandikia kwamba nimeitengeneza.

Babu yako aliikuta stoo ya chini, kuukuu, imejaa kutu. Kila jioni aliifungua mezani. Nikimtania, "Mzee, hiyo imeshakufa," hunijibu, "Kesho itapumua, Mama Zawadi." Akatangulia yeye mbele ya haki.

Niliimalizia kwa kufuata daftari lake. Nikaweka oringi mpya, ule mpira wa kuzuia gesi, na gesi ikatulia. Basi hakukuwa na kazi ya babu yako tena pale mezani. Nikaichomoa oringi, wala sikuirudisha.

Siku ile nililala mapema, saa mbili usiku, vyuma vyake vimetandazwa mezani kama enzi za babu yako.