Trakta ya Papa Haiuzwi kwa Kilo

Jumatatu, 3 Novemba

Nimewasha trakta saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama kila Jumatatu. Dakika kumi. Moshi mweusi, kisha mweupe, kisha hakuna. Mazutu, dizeli yetu, inavuja kidogo chini ya pampu, nimeweka bakuli. Tairi la nyuma kushoto limelala tena. Nimelijaza kwa pampu ya mkono. Mgongo unauma.

Tonton Bosenge amefika na boti ya jana kutoka Isangi. Ni mdogo wa papa, baba yangu, na tangu papa afariki yeye ndiye mkubwa wa familia. Amekula wali na samaki, amenawa mikono, ndipo akasema: trakta iuzwe. Shamba la Lubunga limeshakatwa viwanja, hakuna cha kulima, chuma kinakula kutu bure. Hapo amesema kweli. Sikubisha.

Kumbe mnunuzi tayari anaye. Mtu wa mitraille, wale wanaonunua vyuma chakavu kwa kilo. Dola elfu moja na mia saba. Kwa kilo, trakta inayowaka.

Familia ilikubaliana hivi: elfu moja ya kwanza ni ya kumaliza matanga ya papa, inayobaki ni yangu. Maana miaka kumi na moja, tangu macho ya papa yaanze kufifia, aliyeshika usukani ni mimi. Donc kwa bei ya mitraille nabaki na mia saba. Mashine ya kukoboa mpunga niliyoiona mjini ni elfu nne. Bila mashine hiyo sina kazi. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa anayejua trakta tu, nani atampa kazi?

Nimemwomba Tonton nitafute mnunuzi mwenyewe. Amenipa mpaka tarehe 30. Zaidi ya hapo, kilo.

Jumatano, 5 Novemba

Leo nimekaa na bei.

Nilianza vibaya. Niliandika elfu tano juu ya karatasi, kwa sababu ndiyo ninayohitaji. Elfu ya matanga, elfu nne za mashine. Nikaitazama. Nikaona aibu, nikaifuta. Shida zangu hazimo ndani ya injini. Mtu hawezi kuja kununua trakta akalipia na shida zangu.

Nikaanza upya. Mtu mmoja wa Bangboka aliuza yake mwaka jana, elfu saba. Changa kuliko yetu, lakini bila jembe. Bon. Nikatoa miaka. Nikatoa tairi mbili za nyuma. Nikatoa vitesi ya tatu, gia inayoruka yenyewe ukipanda kilima. Nikaongeza jembe la diski tatu, diski bado nene. Nikafika elfu tano na mia mbili. Nimerudia mara tatu. Mara ya pili nilijaribu kujipendelea, hesabu ikakataa.

Nimefurahi kama mjinga.

Kisha nimeandika makosa yote ya trakta kwenye karatasi ya pekee. Manane. Mama alikuwa anauza samaki Isangi, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa anabonyeza tumbo la samaki mbele ya mteja, kabla mteja hajanyoosha kidole. Waliokuwa wanaficha walibaki na samaki wao.

Ijumaa, 7 Novemba

Sijui niandike nini.

Nimerudi kutoka soko nikaona kitu cha kijani kwenye hangari, banda la trakta. Kijani kabisa, ile ya baleinière, boti zetu kubwa za mbao. Tonton ameipaka trakta rangi iliyobaki alipopaka boti yake. Yote. Injini na mafuta yake ya zamani, bila kufuta. Kioo cha ile saa ndogo inayohesabu masaa ya kazi. Kibao cha chuma chenye namba. Hata kiti.

Na alisimama pale na brashi, anatabasamu, anangoja nimshukuru. Kwao mtoni hakuna anayepeleka boti sokoni bila rangi. Rangi inaziba nyufa, rangi ni alama kwamba mwenye boti aliipenda. Amefanya kazi kutwa, mtu wa miaka sabini.

Nimelia mbele yake. Hakuelewa kwa nini. Sikumweleza, nilikuwa na hasira mno.

Jumapili, 9 Novemba

Papa Salumu amekuja baada ya misa yetu. Mfanyabiashara wa mpunga, ukoo wa Waislamu wa zamani wa mji huu, ana shamba kubwa upande wa Bangboka. Mtu mpole, kofia safi. Nilikuwa nimemtumainia kuliko wote.

Amezunguka trakta mara moja. Amepitisha kidole kwenye injini, kidole kikatoka kijani. Akaomba kuona namba. Nikamwonyesha mahali pake. Palikuwa laini kabisa.

Akasema polepole: "Mama Anto, mutu akipakaa rangi juu ya namba, iko anaficha nini?"

Nikamweleza. Boti, Isangi, Tonton. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo. Ameshukuru kwa maji aliyokunywa, ameondoka. Karatasi yangu ya makosa manane sikuitoa hata mfukoni. Nani angeisoma?

Jumatatu, 10 Novemba

Leo sikuiwasha. Mara ya kwanza tangu papa azikwe.

Habari imeshafika kona zote za Kabondo, mtaa wetu: kwa Mama Anto kuna trakta ya wizi. Mtu wa mitraille naye amesikia. Ameteremsha bei, sasa ni elfu moja na mia tano. Mimi na Tonton tunapishana uani kama watu wasiojuana.

Alhamisi, 13 Novemba

Siku ya tatu ya kukwangua. Mazutu, kitambaa, brashi ya waya, kisu cha jikoni. Kucha zangu ni kijani. Ugali una ladha ya mazutu.

Jumanne namba ilitoka, nzima, kila tarakimu. Inalingana na karatasi za papa. Jana kioo cha saa. Imesimama palepale iliposimama miaka minne iliyopita. Hilo ni kosa namba tano kwenye karatasi yangu.

Tonton alikuwa anatazama kutoka barazani siku zote mbili. Leo amekuja, amechukua kitambaa cha pili, amepiga magoti upande wa pampu. Tumefanya kazi mpaka adhuhuri. Ndipo akasema bila kuinua kichwa: "Niliuza boti tu maisha yangu yote. Ingine sijue."

Hasira yangu iliisha hapo hapo. Nimemletea chai.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimepata. Au yeye amepata, hata hajui.

Wakati wa kukwangua kipande cha mwisho nilimuuliza, mtu akinunua boti anaamini rangi tu? Akacheka. Eh, hapana. Rangi ni heshima. Baada ya rangi boti inatiwa majini, inapakiwa magunia, mnunuzi anakaa ndani yake kutwa nzima, toka asubuhi hadi jua linazama. Maji yakiingia anayasikia kwa miguu yake mwenyewe. Jioni ndiyo bei inatajwa, wala si kabla.

Nikaacha brashi. Kwa nini trakta isifanye hivyo?

Tumekubaliana. Trakta italima kwa Papa Salumu siku moja nzima, mazutu yangu, jasho langu. Asipoitaka, amelimiwa bure. Tonton mwenyewe amepanda toleka, baiskeli ya abiria, goti lake bovu na yote, kwenda kumwambia. Amechukua karatasi za papa. Nimempa na makosa manane. Alisita. Aliniuliza kama nina akili timamu, kumpa mnunuzi fimbo ya kunipigia. Nikasema ampe.

Amerudi saa kumi. Papa Salumu amesoma namba kwenye karatasi, kisha makosa yote manane, moja moja. Amesema Alhamisi.

Jumatano, 19 Novemba

Nimebadili mafuta. Nimekaza kila nati. Tairi la kushoto nimelitia kiraka kipya. Ninaogopa. Likipasuka kesho, basi, imekwisha. Siku kumi na moja zimebaki na hakuna mnunuzi mwingine.

Alhamisi, 20 Novemba

Mungu ni mkubwa. Niandike kabla sijalala kwenye sahani.

Tumetoka saa kumi na moja na nusu. Mimi kwenye usukani, Tonton juu ya bawa la gurudumu, ameshika kwa mikono miwili kama yuko mtoni na dhoruba. Madereva wa toleka walishindana nasi mpaka njia ya Bangboka. Walitupita wote. Sawa, hiyo haikuwa kazi yetu leo.

Shamba lenyewe ni bichi. Majani kifuani, visiki, udongo mzito. Papa Salumu aliketi kwenye kiti cha plastiki na karatasi yangu juu ya goti. Wafanyakazi wake walikuwa wanacheka: mwanamke, na chuma cha madoa ya kijani. Nikashusha jembe.

Saa moja ya kwanza walicheka. Ya pili wakaacha. Ya tatu wakaanza kunionyesha visiki kabla sijavifikia. Vitesi ya tatu iliruka kwenye mteremko, na nikamwona Papa Salumu anatia alama kwenye karatasi. Mazutu ilivuja. Alama. Kila kosa nililoandika lilitokea, na la tisa halikutokea.

Saa sita mvua ikaja, ile yetu isiyobisha hodi. Niliendelea. Saa nane akainua mkono, akasema yatosha, ameona. Mimi nikakataa. Boti inapimwa hadi jua linazama, nikamwambia. Tonton akapiga bawa la gurudumu kwa kofi.

Saa kumi na moja na nusu nikazima. Nyuma yangu udongo mweusi, mistari imenyooka mpaka ukingo wa msitu. Watu wenye majembe wangemaliza kwa wiki ngapi, sijui. Kiraka kimekaa. Mikono haifungi vizuri. Sijawahi kuwa na furaha namna hii tangu papa alipokuwa hai.

Jumamosi, 22 Novemba

Imeuzwa.

Papa Salumu amekuja saa tatu. Tumeketi watatu barazani. Nimetaja bei yangu mara moja, elfu tano na mia mbili, na nikaeleza nilivyoifikia, nilichotoa na nilichoongeza. Akasema elfu nne na mia tatu. Nikammiminia chai. Akapanda, nne na mia nane. Nikamwongezea sukari.

Tonton alianza kukohoa. Ninamjua, akikohoa hivyo anataka kukubali. Elfu nne na mia nane ni nyingi kuliko mitraille mara tatu, hata mimi nilishawishika kidogo. Lakini mashine ingenikosa kwa mia mbili. Na tena, si hilo tu. Bei ilikuwa ya haki. Nikiipunguza leo, ni kusema jana nilidanganya.

Kisha nikamkumbuka mama na samaki wake. Bei yake haikushuka kamwe, lakini hakuna mteja aliyeondoka bila matabish, kile kidogo cha juu anachoongezewa.

Nikasema: "Papa Salumu, bei haitashuka. Lakini matabish iko." Nikaenda hangari, nikaburuta sanduku la papa. Vichujio, mikanda, beringi, boliti, vipuri vyote alivyoviweka miaka ishirini. Na juu yake siku sita zangu, nije kumfundisha dereva wake namna ya kuishika ile vitesi ya tatu.

Akatazama ndani ya sanduku. Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Mama, hii sasa iko soko ya samaki."

Ndiyo, nikamjibu. Kabisa.

Elfu tano na mia mbili. Hakuna dola iliyopungua. Alipokuwa anaaga alimgeukia Tonton kama mkubwa wa nyumba, akamsifu kwa kuweka bei sawa. Tonton angeweza kuinamisha kichwa na kupokea sifa hiyo. Nilimngoja aipokee.

"Bei aliweka mutoto wa kaka yangu," akasema. "Mimi niliweka rangi tu."

Nimeingia jikoni. Nilikuwa na kitu machoni.

Jumapili, 30 Novemba

Matanga ya papa yameisha leo, vizuri, watu wameshiba. Siku sita za kufundisha nilizimaliza jana. Dereva wa Papa Salumu ni msikivu. Mtu wa mitraille alipita kuuliza. Tonton alimwonyesha hangari tupu, akamtakia safari njema.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimeamka saa kumi na mbili, nikatoka na ufunguo wa trakta mkononi. Sikukusudia kubaki nao. Ni ufunguo wa pili, nitampelekea. Kwenye sakafu ya hangari kuna doa la kijani lenye umbo la gurudumu.

Nimewasha mashine ya kukoboa, sasa ni yangu. Dakika kumi, nisikilize tu.

Mteja wa kwanza ni Tonton. Gunia moja la mpunga, la kubeba kwao kabla boti haijaondoka. Ameuliza bei. Nimemtajia. Amelipa bila kubisha, kisha amesimama pale, beseni mkononi, haondoki. Nikaelewa. Nikamjazia pumba za kuku wake, mpaka juu.

Doa nimeliacha.