Bi Tatu Alikuwa Mmoja

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Hapa Kibiti hatujambo. Mume wetu kifua kimetulia, na shangazi yako wa Mtawanya amejifungua salama.

Umeniuliza kama afisa wa ustawi anakuonea kwa kukunyima leseni ya kituo chako cha watoto hapo Dar mpaka upate mlezi wa pili.

Nilipokuwa msichana kule delta, mama zetu wakienda kupanda mpunga walimwachia watoto wote Bi Tatu, jirani yetu mzee, aliyetupenda kama wanawe. Siku moja mtoto mmoja alishikwa na homa, Bi Tatu akaingia ndani kumkanda maji. Alipotoka, mdogo wangu Sefu hakuwepo. Walimkuta mtoni, ameshakufa maji.

Bi Tatu akajifungia ndani. Watu walisema mengi. Baada ya arobaini, mama alimbeba mdogo wetu mchanga, tukaenda kwake.

"Mpokee," mama alimwambia.

"Mwanangu, sithubutu tena."

"Tulikuachia peke yako watoto wa kijiji kizima. Leo nabaki nawe."

Bi Tatu akampokea mtoto, wakalia pamoja. Tangu hapo kila siku mwanamke mmoja aliacha shamba lake, akabaki naye.

Sefu angekuwa na wajukuu sasa. Mapenzi Bi Tatu alikuwa nayo tele, mwanangu, lakini alikuwa mmoja.

Mungu akulindie hao watakaokuja mikononi mwako.

Bibi yako, Kibiti