Kipanga ana kiti, paka wangu hana

Hessa, shika simu! Nimemjibu baba. Mbele ya wajomba wote. BABA!

Tulikuwa tunakula mchana, tunapanga safari ya Moroko. Nikasema tu kwamba Zafarani nimeshamchanja, naye anakuja na sisi. Baba akaacha kula. "Paka? We Mouza, tangu lini wanyama wakasafiri na watu?"

Tangu lini!!

Na yule kipanga wake yuko pale pale ubavuni mwake, kavalishwa kikofia cha ngozi, anangoja kulishwa nyama ya kware.

Nikamwambia, "Baba, huyo ana pasipoti yake. Mwaka jana kwenye ndege alikaa dirishani karibu na wewe, mimi nikabanwa kule nyuma, mlangoni mwa choo."

Kaka Saif akajitia kukohoa.

Baba akasema, "Kipanga ni heshima ya ukoo."

"Basi nenda na heshima yako. Mimi nabaki na paka wangu." Nikaiweka pasipoti yangu mbele yake, paa!

Mama unamjua, si mtu wa maneno. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na pasipoti yake, akaiweka juu ya yangu. Kisha akakaa, akaendelea kuchambua samaki wake.

Siombi radhi, Hessa. Wala usinishauri.

Sasa hivi baba yuko uani na simu, anaongea na daktari wa kipanga wake, anajifanya kunong'ona, lakini namsikia: "Daktari, hivi paka naye hupenda kukaa dirishani?"