Chupa ya Mzee Onyancha

Changamwe, Mombasa
4 Februari 1974

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, ila joto la huku linanipika. Nyinyi huko Boito hamjambo? Mama na goti lake je? Jerusa wangu ameanza kutembea?

Baba, mke wangu Drusilla ameniandikia kwamba daktari mpya wa zahanati ya shamba la chai, Daktari Gichana, anataka kila mwenye ugonjwa wa sukari apimwe mkojo, hata kama hasikii maumivu. Anasema sukari hula figo kimyakimya. Tafadhali nenda. Baba mdogo Ogari alikuwa na sukari kama wewe, akalima mpaka wiki aliyovimba uso, na hospitali kubwa wakatuambia figo zimekwisha. Sitaki kupokea telegramu nyingine kama ile.

Ni mimi mwanao,
Makori


Boito
1 Machi 1974

Mwanangu Makori,

Sisi hatujambo, twashukuru Mungu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikitafuta mahali ulipotaja kuja nyumbani. Sikupaona. Goti la mama yako linalalamika lakini mdomo wake uko sawa. Jerusa anatembea na kuku wote wamehama uani.

Chupa nilipeleka. Mkojo wangu umesifiwa! Hauna sukari, hauna uchafu, hauna kitu. Jirani yetu Kipkosgei alipopata habari hiyo alicheka mpaka akakaa chini. Basi acha kunihesabia siku, chai imekubali na unyapara unaningoja.

Baba yako,
Onyancha


Changamwe
20 Machi 1974

Baba mpendwa,

Habari za siku nyingi? Natumaini mko salama. Nilifurahi hata nikawanunulia wenzangu soda. Lakini mmoja wao mwenye sukari ananiambia sukari haiponi hivi hivi, kama mafua. Nami nimejiuliza: Kipkosgei alicheka nini?

Mwanao mwenye wasiwasi,
Makori


Boito
2 Juni 1974

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa wote. Najua nimenyamaza sana. Nilikuwa natafuta njia ya kukwambia jambo hili bila wewe kunicheka, na nimeikosa, kwa hiyo cheka.

Mwezi wa nne daktari aliniita ndani. Akasema, “Mzee, unakunywa maji kama ng'ombe, usiku kucha uko njiani kwenda choo, lakini mkojo wako ni wa mtu asiyejua sukari. Mwenyewe anaitwa nani?” Kabla sijafikiri, mdomo ukasema, “Kipkosgei.”

Sasa wewe niambie ningefanya nini. Anayepokea chupa pale ni mke wako! Mimi ambaye hata kiti alichokalia sikikalii, nimkabidhi mkojo wangu?

Gichana hakucheka. Yeye pia ni wa kwetu, anajua chinsoni, ile heshima ya mkwe. Akasema, “Kosa ni langu, mzee. Ningeuliza kwanza nani ni nani hapa.” Mke wako alikuwa akipima watoto pembeni. Akabeba mizani, akaenda nayo nje kwa akina mama, hakugeuza hata shingo. Daktari akafunga mlango, akauchemsha mwenyewe mkojo wangu halisi kwenye kichupa cha kioo. Juu ukaingia weupe kidogo, kama ute wa yai ukiguswa na moto. Makori, niliogopa. Nilimwona Ogari na uso wake ule.

Lakini akaniambia ndio kwanza figo zinaanza kuvuja, na presha imepanda. Mwili usingenionya mpaka nifike alikofika ndugu yangu. Amenipa vidonge vya presha, amekaza masharti ya sukari, na chumvi amekataza, kwa hiyo mama yako anatupikia mboga kana kwamba tumemkosea. Juzi amepima tena: weupe umepungua na presha imeshuka. Nitakuwa nikienda kila mwezi. Kipkosgei anatangaza sokoni kwamba yeye ndiye aliyefaulu mtihani.

Nikifika zahanati, mke wako hubeba mizani na kutoka, kila mara, kana kwamba watoto wanapenda jua tu. Haya si maneno ambayo baba mkwe anaweza kumwambia. Nimeshindwa kabisa. Omba likizo uje unisemee. Mwambie nimesema hivi: binti yangu, asante.

Baba yako, niko hai,
Onyancha