Diski Iliyojaa Harusi za Watu

Eje Gulbarchyn, dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Bishkek. Natumaini hamjambo nyote huko Naryn, na kifua cha mama kimetulia baada ya baridi. Mimi mwili mzima, moyo ndio umechubuka.

Unajua natunza kompyuta ya redio yenye sauti za waimbaji wazee wapigao nyuzi za komuz. Juzi juzi nyimbo zilianza kukwamakwama. Siku ya kumkumbuka marehemu Toktosun, mjane wake alikuja studioni, na sauti ya mumewe ikakatika katikati ya ubeti. Mama wa watu akadhani ni masikio yake.

Nilimweleza mkurugenzi kwamba mfumo wetu wa Linux huweka kila faili mbali na jingine ili lipate pa kukua. Diski ikijaa pomoni, faili jipya hukatwa vipande na kusukumiwa popote penye upenyo, na diski huhangaika kuviokota. Kanybek, mchumba wangu, ninayefanya naye kazi meza moja, akaangua kicheko, akamgeukia mkurugenzi. “Baike, hayo ni maradhi ya kompyuta za nyumbani. Linux haikati faili vipande! Huyu anatafuta kisingizio.” Eje, tulisoma darasa moja. Anajua ninachokijua.

Nikatafuta kilichoijaza diski. Nikakuta video za harusi, folda juu ya folda, zote kwa jina langu. Kumbe ndiyo kazi ya pembeni ya Kanybek, kuhariri harusi za watu! Nenosiri langu nilimpa mwenyewe nilipolazwa hospitali. Nilipomuuliza, hakuona hata haya: “Unalia nini sasa? Wewe wangekuonya tu, mimi wangenifukuza. Na kwani si kwa ajili ya harusi yetu?”

Nilizihamishia nyimbo kwenye diski tupu, kila moja ikaandikwa upya ikiwa nzima. Mjane nilimwita tena, akasikiliza hadi mwisho, akanishika mkono. Lakini mkurugenzi alikwisha kuona jina langu kwenye zile video, na Kanybek alisimama pale pale akitazama viatu vyake. Nimeachishwa kazi.

Sasa lile lililonifanya niandike. Jumapili nilimrudishia mama yake Kanybek hereni za uchumba alizonivisha. Mama yetu bado anapanga kuchinja farasi wa harusi. Tafadhali mwambie wewe, polepole, akishakunywa chai. Mimi nimejaribu kumpigia, nikaishia kumuuliza habari za kondoo.

Wabusu watoto, na shemeji msalimie sana.

Mdogo wako,
Aijarkyn