Kachupa Chini ya Vikwembe

Salamabila, tarehe 11 mwezi wa tatu 2024

Mama Chimène,

Jambo yako na ya watoto. Mgongo wako unaendelea namna gani? Miye niko muzima, kazi ya kuchimba shimoni tu ndiyo inachosha.

Nakuandikia juu simu ya huku tunatumia pamoja na wenzangu, na hii maneno haiko ya masikio yao. Siku ile ya kurudi huku nilitafuta kitambaa katika sanduku yako, nikakuta kachupa ka jeli chini ya vikwembe vyako vya kuvaa. Kwenye karatasi yake wameandika ni ya kulainisha mambo ya chumbani. Kamefunguliwa, na jeli imepungua kidogo. Wiki nzima niliyokuwa hapo ulinigeuzia mgongo, ukisema umechoka. Sasa ulikatumia na nani? Nimekabeba. Mahamudu wa pikipiki, anayekuletea barua hii, atangoja jibu.

Bwana yako,
Baba Chimène

Kasongo, tarehe 14 mwezi wa tatu

Baba Chimène,

Nakusalimia. Mgongo unapona, moyo ndio umeumia. Loo! Miaka ishirini na sita ya ndoa, na unapekua sanduku yangu kama mwizi!

Sikiliza. Damu ya mwezi imekatika tangu miaka miwili. Tangu hapo mwili ni mukavu, na kila ukinikaribia ninaumia kama kidonda kinachosuguliwa na kitambaa. Nilijaribu mawese, nikajaribu mafuta ya kupaka, yale ya harufu. Yaliniwasha siku tatu. Nikaenda hospitali kwa infirmière Cécilia. Akaniambia haiko mapenzi kwisha, inafikia wanawake wengi wa umri wangu. Nichague jeli ya maji, isiyo na harufu na isiyoleta joto. Kwanza niweke tone moja kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko, ningoje kama litawasha. Tone lile ndilo unaona limepungua. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia, haya ikanishika.

Na weye? Kachupa ka bibi yako kanaenda kufanya nini Salamabila? Nasikia kuna Olga anayekupikia. Nijibu.

Mama Chimène

Salamabila, tarehe 2 mwezi wa ine

Mama Chimène,

Salamu. Mvua ni nyingi, lakini tuko wazima.

Olga anapikia watu makumi tatu, hata jina langu hajui. Usigeuze maneno. Kiwiko! Nani anapaka jeli ya chumbani kwenye kiwiko? Niliuliza wenzangu kwa kuzungukazunguka. Wanasema bibi akikauka kwa bwana wake, moyo wake umeshahama. Niambie jina la huyo mutu, basi tumalize.

Baba Chimène

Kasongo, tarehe 9 mwezi wa ine

Baba Chimène,

Leo sina salamu. Miaka miwili nimekaza meno kitandani ili usifikiri nimekukataa. Ile jeli niliitafuta juu yako, hakuna mwingine. Umeuliza wachimbaji, hukuuliza mutu wa dawa hata mumoja. Kaa nako hako kachupa, ukae na wenzako vilevile. Sitaandika tena mpaka unisadiki.

Mama Chimène

Salamabila, tarehe 27 mwezi wa sita

Bibi yangu Emilienne,

Jambo yako. Uko muzima? Simu yako inaita bure, na barua mbili nilizotuma Mahamudu amezirudisha zikiwa bado zimefungwa.

Wiki hii nilienda kwa infirmier André wa hospitali ya huku. Nikamudanganya ni shida ya kaka yangu. Akacheka, akauliza, "Kaka yako bibi yake ana miaka ngapi?" Nikasema makumi tano na moja. Akanieleza maneno yaleyale ya Cécilia, mpaka ile ya kiwiko. Akaongeza: "Mwambie huyo kaka yako asikuwe na haraka."

Nilirudi nikakaa juu ya kitanda, sikuenda shimoni. Miaka miwili unaumia pembeni yangu, na miye nakuita muongo! Haya imenishika, mama. Nisamehe.

Nimeweka tone ndani ya kiwiko changu. Siku mbili sasa, halijawasha. Basi katika kachupa kumepungua matone mawili tu, moja lako na moja langu. Jumamosi Mahamudu atanileta, na kachupa nakarudisha mwenyewe. Ukinifungia mulango, nitakaa kwenye baraza mpaka unifungulie.

Bwana yako,
Baba Chimène